Mkoba Hupimwa Mwilini

Nawaamkia nyote, mlioko majumbani mnangojea chakula cha jioni, mlioko madukani ambao hamjafunga bado, na ninyi mlioko njiani mnarejea kutoka machimboni, vumbi jekundu la Kolwezi limewaganda hata kwenye nyusi. Leo nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho kwa mtazamo wa haraka huenda kikaonekana hakistahili kupewa wasaa wa redio, nacho ni mkoba: mkoba wa kutilia kompyuta, ule ambao wengi wetu huku twauita sakoshi, na ambao mtu aliyejaliwa miguu miwili mizima na mikono miwili mizima huununua kwa kuitazama rangi yake, kuulizia bei, kuutia begani na kwenda zake. Nami nitasema juu ya mtu ambaye hakujaliwa hivyo, au alijaliwa kisha akapungukiwa. Mtu atembeaye kwa magongo, aendaye kwa kiti cha magurudumu, mwenye mkono mmoja, asiyeona au asiyesikia. Maana huyo akikosea katika kuchagua mkoba, hasara yake si ya fedha peke yake, bali mkoba ule ule aweza kuanguka nao.

Naanza na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonifunza. Mpwa wangu, kijana wa dada yangu, alivunjika uti wa mgongo shimoni, hapa hapa Kasulo, mtaa wetu wa Kolwezi, siku udongo ulipomshukia akiwa na umri wa miaka 19. Alitolewa akiwa hai, Mungu ashukuriwe, walakini tangu kiunoni kwenda chini mwili wake ukawa hausikii wala hautii. Baada ya miaka miwili ya kulazwa na kugeuzwa alipata kiti cha magurudumu, akarudi masomoni kujifunza uhasibu, na mimi, kwa furaha ya mjomba anayemwona mtoto wa dada yake amerejea miongoni mwa watu, nikaenda sokoni kumnunulia mkoba mzuri kupita yote niliyoiona: mweusi, wa ngozi ya kuigiza, wenye mabizimu ya rangi ya dhahabu na ukanda mrefu wa begani. Sikumchukua tukaenda pamoja. Nilidhani zawadi haihitaji shauri la anayepewa. Nikautundika kwa mkono wangu nyuma ya kiti, kwenye vile vipini viwili vya kusukumia, ukaning'inia pale kwa fahari. Juma lile lile, alipokuwa akiupanda mwinuko wa saruji wa kuingilia darasani, kiti kiliinua magurudumu yake ya mbele, kikaenda chali pamoja naye, akapiga kisogo sakafuni, na kompyuta ikawa ndani ya mkoba, mkoba chini ya kiti, na kiti chini yake yeye.

Wala halikuwa jambo la bahati mbaya. Lilikuwa jambo la hesabu. Kiti cha magurudumu ni mizani. Gurudumu kubwa ndilo mhimili. Mbele ya mhimili huo kuna mapaja, magoti na nyayo za mwenye kukaa, nyuma yake kuna mgongo na kichwa, na fundi aliyekiunda kiti amezipima pande hizo mbili hata zikaelekeana. Sasa mtu akija akatundika nyuma kompyuta ya kilo mbili au zaidi, na chaja yake, na vitabu viwili, na chupa ya maji, amekwisha kuongeza kilo tano au sita upande mmoja wa mizani, tena mahali palipo mbali na mhimili, ambapo kila kilo huvuta kupita uzani wake. Na mwenye kiti anapoanza kupanda, mwili wake wote ukaegemea nyuma, haibaki ila sababu ndogo tu, kijiwe au ufa wa saruji, kumlaza chali. Iko na hatari ya pili, ambayo sikuwahi kuisikia ikitajwa hata nilipoiona kwa macho: mwenye kiti anapojihamisha kwenda kitandani au garini, uzito wake uliokuwa ukikizuia kiti umeondoka, mkoba umebaki, na kiti huanguka peke yake wakati mkono wake ungali umekishika. Na ule ukanda mrefu niliouona kuwa ni pambo, ulikuwa kila siku ukilegea kidogo kidogo kuelekea kwenye spoku za gurudumu, ukingojea siku yake.

Baada ya ajali ile nikampa shauri jingine, nalo pia lilikuwa kosa. Nikamwambia aupakate mkoba mapajani. Watunzi wa istilahi za Kiswahili, walipokuwa wakiitafutia jina mashine hii, waliiita kompyuta mpakato, kwa kuwa hupakatwa kama mama anavyompakata mwanawe, na kwa hakika ni jina zuri, lenye upole ndani yake. Ila mapaja ya mpwa wangu hayasikii. Kompyuta inapofanya kazi hutoa joto upande wa chini, na chaja iliyochomolewa sasa hivi ukutani huwa ya moto kama jiwe la jikoni. Mimi na wewe tukiisikia twaisogeza bila hata kufikiri, ilhali kwa mtu aliyekatika uti wa mgongo ngozi huungua na habari ya kuungua isifike kichwani. Kadhalika pembe ngumu ya mkoba, ikiyakandamiza mapaja saa mbili au tatu mahali pale pale, huzuia damu kupita, na kidonda kinachozaliwa hapo huchukua miezi kupona, nacho huweza kumrudisha mtu kitandani alikotoka. Dada yangu ndiye aliyeiona alama, jioni moja alipokuwa akimwogesha: mstari mwekundu uliopindika kwa pembe mraba, kama uliochorwa kwa rula.

Huenda mtu akauliza kwa nini niyaseme haya kutokea Kasulo, mahali ambapo wengi hawana kompyuta wala hawajapata kuishika. Nayasema kutokea Kasulo kwa sababu kompyuta hizo zina asili yake chini ya nyumba zetu. Mnakumbuka mwaka 2014, mtu mmoja alipokuwa akichimba uani kwake akakuta mawe meusi ya heterojeniti, yenye kobalti ndani yake, na kabla ya mwaka kumalizika pakawa na mashimo vyumbani, jikoni, kandokando ya njia, watu wakishuka kwa kamba ndani ya ua ambao jana watoto walikuwa wakicheza. Mnakumbuka na mwaka 2017, mamia ya familia zilipohamishwa, sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta na kufanywa eneo la uchimbaji, na mawe yakawa yanauzwa kwa kampuni moja tu. Ile betri ya lithiamu, ambayo John Goodenough na wenzake walivumbua sehemu yake ya kobalti huko Oxford mwaka 1980, ambayo kampuni ya Sony iliitoa kuuzwa mwaka 1991, na ambayo kwa ajili yake Goodenough na wanazuoni wenzake wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2019, imeifanya kompyuta itoke mezani ikabebeke mkobani. Na sehemu iliyo kubwa ya kobalti ya dunia yatoka katika nchi yetu, hususan katika ukanda huu wa Lualaba na Katanga ya Juu. Betri iliyomo katika kompyuta ya mpwa wangu huenda ina punje za udongo uliomvunja mgongo. Silisemi hili ili kumlaumu mtu usiku huu. Nalisema kwa kuwa mtu aliyelipa gharama ya namna hiyo ana haki, kupita wengine wote, ya kuimiliki kompyuta yake na kuibeba mwenyewe, kwa murua, pasipo kuomba mtu amshikie.

Basi turejee kwenye kiti. Mahali palipo salama kwa mzigo mzito ni chini na karibu na mhimili. Lakini angalieni kiti kinachokunjwa, maana ndicho tulicho nacho wengi: chini ya kikalio chake mna vyuma viwili vilivyopishana kama herufi ya X, navyo hukutana kiti kinapokunjwa, kwa hiyo mkoba mpana hauwezi kukaa hapo. Tulichopata sisi, baada ya kujaribu na kukosea, ni kuutundika mkoba mwembamba kwenye ukingo wa mbele wa kikalio, nyuma ya mashavu ya miguu, kwa vitanzi viwili vifupi ambavyo mwenyewe huvifikia kwa kuinama kidogo. Tena usining'inie chini hata ukagusa yale magurudumu madogo ya mbele yanayogeuka huku na huko. Nyuma ya kiti tumeacha koti na mkate tu. Na inapokuwa hapana budi kutundika nyuma, basi na utundikwe chini, ubanwe sawasawa na mgongo wa kiti usiwe na nafasi ya kuyumba, na kabla ya kila mwinuko mtu auhamishie mbele, juu ya kibao cha mikono. Kibao hicho ni ubao mwepesi unaolala juu ya mikono miwili ya kiti. Juu yake kompyuta hufanya kazi, na joto lake huenda hewani badala ya kwenda ngozini. Seremala wetu alikikata kutokana na mlango wa kabati.

Wako na wale waendao kwa baiskeli ya magurudumu matatu inayokanyagwa kwa mikono, na hao katika nchi yetu ni wengi, hususan waliopatwa na polio utotoni. Kinshasa wanajulikana ulimwenguni kote kwa ajili ya wanamuziki wa Staff Benda Bilili, walioimba juu ya baiskeli zao hata wakafika Ulaya. Na Goma, kwenye mpaka wa kuingilia Gisenyi, wafanyabiashara wenye ulemavu huvusha bidhaa kwa baiskeli za namna hiyo, nyingine zimesheheni hata mwenyewe haonekani. Mtu akitaka ilmu ya kupakia mzigo, na ajifunze kwa hao. Baiskeli yenye usukani wa kuzungusha mbele ya kifua ina mnyororo na mikono inayozunguka daima, na ukanda wowote unaoning'inia upande huo utaliwa. Mkoba ukae nyuma ya kiti na chini, ndani ya kikapu cha chuma kilichochomelewa, na juu yake pawe na turubai, kwa maana kuanzia mwezi wa kumi na moja hata mwezi wa nne mvua yetu haibishi hodi.

Mwenye magongo taabu yake ni nyingine. Mikono yake miwili ndiyo miguu yake, hana mkono wa kushikia kitu, na mkoba wa begani kwake ni adui aliyevaa nguo za rafiki: kila anapoinama mbele kupeleka magongo, mkoba huteleza, huja tumboni, huligonga gongo, na hatua ile ile huenda ikawa ya mwisho kabla ya kuanguka. Kwake yeye pana begi la mgongoni tu, la mikanda miwili mipana, lenye ukanda wa tatu wa kufungia kifuani kwa bizimu, ili mzigo uwe sehemu ya mgongo na usiwe na safari zake wenyewe. Kompyuta ikae katika mfuko ulio karibu kabisa na mgongo, si ule wa nje, kwa sababu uzito ulio mbali na mgongo humvuta mtu nyuma, na mwenye mguu mmoja hana mguu wa pili wa kurudisha nyuma ajizuie. Kama magongo yake ni yale ya kwapani, mkanda wa begi usipite pale gongo linapokaa, kwani utakunjamana na kumchubua. Na begi lisiwe la kuvulia kwa kurusha mkono. Ajaribu kulivua akiwa amesimama na kuegemea ukuta, na likimshinda hapo dukani, litamshinda pia mlangoni pa ofisi.

Sasa nataka nikae kidogo na mwenye mkono mmoja, kwa kuwa mambo yake hayaonekani mpaka mtu ajaribu. Shika zipu ya begi lako, weka mkono mmoja nyuma ya mgongo, uifunge. Utaona nguo yote yafuata mkono, yajikunja kama kiwavi, na zipu haisogei. Hatukuwa tukijua kwamba katika kufunga zipu mkono mmoja huvuta na wa pili hushika. Ule wa pili hufanya kazi kimya kimya, na hakuna ausifuye hata siku utakapokosekana. Dawa yake ni kitu cha senti chache: kitanzi cha utepe, kinachoshonwa mahali zipu inapoanzia, ambacho mtu hukitia kwenye kisiki cha mkono wake, au gotini, au kwenye msumari ukutani, akavuta kwa mkono ulio mzima, na kwenye kichwa cha zipu itiwe pete kubwa, kama ile ya funguo, ya kupitisha kidole kizima, maana vile vijiti vidogo vya chuma vya kiwandani humtaka mtu abane kwa ncha za vidole viwili, na wako ambao ncha hizo hawana, au wanazo ila hazina hisi, kama waliopona ukoma. Mwenye vidole visivyo na hisi asipewe pete nyembamba ya chuma, itamkata naye asijue. Apewe kitanzi cha kitambaa kilicho kinene. Na wale wanaosema kwamba utepe wa kunata ni rahisi kuliko zipu, husema kweli siku za mwanzo, walakini vumbi letu na nyuzi za nguo huujaza katika mwezi mmoja hata usishike tena. Zipu nayo huliwa na vumbi. Ipakwe mara kwa mara kipande cha mshumaa, nayo itateleza.

Mintarafu ya wasioona, nitasema machache, kwa kuwa wao wenyewe ni walimu wa jambo hili. Wasioona wengi leo hutumia kompyuta kwa masikio, kwa programu kama NVDA, iliyoanzwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia ambao wenyewe hawaoni, na ambayo hutolewa bila malipo. Kwa hiyo mfuko wa kwanza wa mkoba ni wa vipokea sauti vya masikioni, wala usibadilike. Mkoba wenye mifuko kumi na miwili ambao muuzaji anausifia ni mkoba wenye mahali kumi na pawili pa kupotezea kitu. Mifuko mitatu yatosha, na kila mmoja uwe na alama ya kuguswa, kitufe kilichoshonwa huku, fundo la uzi kule. Kisha nyumba nzima ikatazwe kuupanga. Wema wa mtu anayepanga mkoba wa asiyeona bila kumwambia ni sawa na wema wa mtu anayehamisha meza usiku. Na ndugu zetu wenye ualbino, ambao aghalabu macho yao ni hafifu, wanateswa na jambo ambalo washonaji wangeliweza kulitengeneza kwa siku moja: ndani ya mikoba hii yote ni kweusi, na waya ni nyeusi, na chaja ni nyeusi, weusi juu ya weusi. Bitana ya njano au nyeupe ingewafaa, na isingemdhuru mwingine yeyote.

Asiyesikia watu humsahau kabisa katika mazungumzo kama haya, wakisema mkoba wamhusu nini. Wamhusu sana. Yeye huzungumza kwa mikono miwili, na mkoba wa kushika mkononi, ule wa wakubwa wa ofisi, humnyima nusu ya maneno yake. Nimepata kumwona kijana mmoja akisalimiana na mwenzake njiani, ameubana mkoba kati ya magoti, amepinda kama anayesikia baridi, ili tu aweze kuulizia hali.

Namna ya kuchagua, basi, ni hii. Mtu asiende sokoni na fedha peke yake, aende na kompyuta yake, na chaja, na kila kitu anachobeba siku ya kawaida, avitie vyote ndani, kisha auvae mkoba na kwenda nao hatua hamsini kwa magongo yake au kiti chake, katika njia iliyo mbaya kama njia anayopita kila siku. Mkoba mtupu hausemi kweli. Aufungue na kuufunga mara kumi, kwa mkono atakaoutumia; mara ya kwanza kila mtu huweza, kasoro hujionyesha mara ya saba. Auweke chini na kuuokota. Apime na uzito wa mkoba wenyewe ukiwa mtupu, maana ipo mikoba yenye mabati na mapambo ambayo peke yake inaikaribia kompyuta kwa uzani, na kila gramu humlipisha mwenye magongo mabegani. Wauzaji wengine watanung'unika. Nimesimama kwenye kibanda ambapo mwenye duka aliniambia, kijana akiwa mbele yake, «Papa, chagua wewe, yeye anaona nini huko chini?» Alikuwa akizungumza na mtu mwenye macho mawili mazima, aliyekuwa amekaa tu. Mpwa wangu alimjibu kwa staha kwamba anaona bei, na kwamba ni kubwa mno. Tukaenda zetu.

Na bei ndiyo inayowazuia wengi. Ile mikoba iliyoundwa makusudi kwa ajili ya viti vya magurudumu huuzwa Ulaya na Marekani, na kwa bei yake, pamoja na gharama ya kuileta, mtu wa Kasulo angekula miezi kadhaa. Nchi yetu iliingia mwaka 2015 katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao katika kifungu chake cha 20 wazungumzia vyombo vya kumwezesha mtu kwenda apendako kwa gharama anayoimudu, na tangu tarehe 3 Mei 2022 tuna sheria yetu, namba 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki za mtu mwenye ulemavu. Nazifurahia sheria hizo, nami ningependa zisomwe kwa sauti katika kila shule ya Lualaba. Lakini hakuna waziri atakayekuja kushona kitanzi kwenye zipu. Kazi hiyo ina mafundi wake nao tunao, wamekaa barazani na cherehani zao za kukanyaga, wakishona mashati ya shule. Mombasa, mahali paitwapo Bombolulu, tangu mwaka 1969 pana karakana ambapo watu wenye ulemavu wenyewe hufanya kazi za ngozi, vitambaa na mapambo, na viti vya magurudumu pia huundwa hapo. Nami sioni ni kitu gani kingetuzuia sisi, tulio na washonaji, wachomeleaji na turubai tele, kuwa na cherehani moja tu Kolwezi ambayo mwenye kuikanyaga, au kuizungusha kwa mkono, anajua kwa mwili wake mwenyewe anachokishona.

Ule mkoba mweusi wa mabizimu ya dhahabu hatukuutupa. Tuliupeleka kwa mama mmoja mshonaji, mtu mzima, anayeshonea chini ya mwembe karibu na njia kuu, na safari hii mpwa wangu ndiye aliyetangulia na mimi nikafuata nyuma. Mama yule hakuniuliza mimi lolote. Alivuta kigoda akaketi, uso wake ukawa sawa na uso wa kijana, akamwambia, «Mwanangu, nionyeshe mkono wako unafika wapi.» Kijana akanyoosha mkono, kulia, kushoto, chini ya kikalio, na kila ulipofika mama akatia alama kwa chaki: juu ya chuma cha kiti, juu ya mkoba, hata na juu ya suruali. Kisha akachukua mkasi, akaukata ule ukanda mrefu wa begani niliokuwa nimeupenda, vipande vinne. Viwili vikawa vitanzi vya kutundikia mbele ya kikalio, kimoja kikawa kishikio cha zipu, na cha nne, kilichobaki kifupi, akakikunja mara mbili na kukishona kwenye pembe ngumu ya mkoba, iwe laini. Akatia na bitana, kipande cha kitenge cha rangi ya machungwa kilichobaki katika nguo ya mtu. Kazi yote haikumaliza mchana mmoja, na ujira alioutaka ulikuwa chini ya fedha niliyoitumia kwa pikipiki ya kwenda sokoni siku ile ya kwanza.

Asubuhi ya pili yake nilimsindikiza hadi masomoni, kwa kuwa moyo wangu ulikuwa bado kwenye ule mwinuko wa saruji. Tulipoufikia nikajiweka nyuma ya kiti, nikavishika vipini kama nilivyozoea. Akageuza shingo, akanitazama, mkoba uko mbele chini ya magoti yake, umetulia.

«Mjomba,» akasema, «viachie. Nipishe.»

Nikavuka upande wa pili wa njia.